Mmoja wa Kundi la Wazima

Jumamosi, mwezi wa saba. Sumbawanga. Baridi ile ya kupasua midomo, na upepo wa kutoka milima ya Mbizi haujapumzika tangu alfajiri.

Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha, maana nimelala na umebaki palepale. Jana jioni tumerudi kutoka Mbeya, mimi, Mzee Kasiani na mkewe, Mama Felista. Leo sijatoka nje. Nimekaa jikoni kwenye kigoda, mlango wazi, jiko la mkaa miguuni, koti juu ya kanga, na ninaandika kwa sababu nisipoandika nitaendelea kuyarudia haya kichwani hadi Jumatatu.

Majina yao nimeyabadilisha. Mzee mwenyewe nilimwomba ruhusa, akasema, "Andika, mwanangu, ila jina langu liache lipumzike."

Kwa anayesoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa maabara. Baba yangu anauza vipuri vya pikipiki mtaa wa Majengo, na wateja wakimuuliza binti yake anafanya nini, husema, "Anapima damu," basi. Si uongo. Lakini mwaka huu sipimi kwa ajili ya matibabu. Nipo kwenye utafiti wa kifua kikuu. Tunachukua damu ya mgonjwa anayetumia dawa, na damu ya mtu mzima wa afya anayeishi naye nyumba moja, tunalinganisha askari wa mwili wa huyu na wa yule.

Askari hao ni seli nyeupe. Ukiziweka chini ya hadubini, zile tunazozitafuta sisi zinafanana kama punje za ulezi. Huwezi kusema hii ni ya kazi gani na ile ni ya kazi gani. Kinachozitofautisha ni protini zilizojitokeza kwenye ngozi ya kila seli, na protini hizo hazionekani kwa macho. Ndiyo maana tunatumia kingamwili za monokloni. Ni kingamwili zilizozalishwa na ukoo mmoja wa seli, kwa hiyo zote ni pacha, na kila aina inashika protini moja tu. Nyingine zote inazipita kama haijaziona. Kiwandani wamezifunga rangi. Mimi naziweka kwenye damu, naiacha gizani kidogo, kisha mashine inapitisha seli moja moja mbele ya leza. Seli iliyoshikwa inawaka rangi yake.

Watu wa hapa wanaijua CD4 kutoka kliniki. Wengi hawajui kwamba ni jina la protini moja tu juu ya ngozi ya seli. Kwenye friji yangu kuna chupa ya CD4, ya CD8, ya CD3 inayoshika seli T zote, na ya CD19 inayoshika seli B, aina mbili za askari hao.

Hii CD19 tuliiweka kama nyongeza tu. Hakuna aliyetarajia ituletee habari.

Mama Felista ndiye aliyekuwa mgonjwa wetu. Alikuja mwanzoni mwa mwaka akiwa amekonda, anakohoa hadi anashika ukuta. Mzee Kasiani alikuwa akimleta kila mara, wanatoka Katandala kwa bodaboda, yeye nyuma amemkumbatia mkewe ili asianguke. Alimpikia uji, alimfulia, alimsimamia kila kidonge. Mwili wa mama ukarudi. Kufikia wakati wa kuvuna alikuwa anatembea mwenyewe hadi maabara, na ni yeye aliyemsukuma mumewe akubali kutoa damu kwa upande wa wazima.

Nilimuuliza Mzee kama tunavyowauliza wote, iwapo tukikutana na jambo ambalo hatukulitafuta, angependa aambiwe. Akacheka. "Ukiona kitu niambie. Mimi nina nini cha kuficha? Nina magoti tu yanayouma."

Nikachukua damu. Nikamshukuru. Nikabandika namba ya kundi la wazima.

Siku ya kuisoma ile damu umeme ulikuwa umekatika asubuhi, jenereta likachelewa kuwaka, nami nilikuwa na njaa. Nayasema haya kwa sababu nilipoona picha kwenye kompyuta, jambo la kwanza nililolifikiria ni kwamba nimeharibu kazi.

Kwa kawaida seli T ndizo nyingi na seli B zinakaa pembeni, wingu dogo la nukta. Kwa Mzee Kasiani mambo yalikuwa kinyume. Wingu la CD19 lilikuwa limejaa, limesambaa, na seli T zimebanwa kona.

Nilikaa nikiitazama ile picha.

Mwenzangu wa maabara, Hamisi, alikuja akasimama nyuma yangu. Hamisi ni mtu mzuri na ni mtu aliyechoka kama mimi, tunashinda kwenye chumba kimoja chenye mashine inayovuma kutwa. Akasema, "Kingamwili imejishikiza ovyo. Au hukuosha seli vizuri."

Nikaosha upya. Nikarudia kwa chupa mpya. Nikapima pia kwa kingamwili ya kulinganisha ambayo haishiki chochote, ili nijue kama rangi inang'ang'ania tu yenyewe. Haikung'ang'ania. Hamisi akakunja mkono wa shati akatoa damu yake, tukaipima pamoja na ya Mzee, kwa chupa zilezile. Ya Hamisi ikatoka kama ya vitabuni. Ya Mzee ikabaki vilevile.

"Basi mtoe," Hamisi akasema. "Andika sampuli haifai, tutafute mzima mwingine. Sisi siyo hospitali, Zuhura."

Sitajifanya mwema hapa. Kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai, niliona ni wazo zuri. Tulikuwa tumebakiza watu wachache tu. Mashine yetu haikununuliwa kwa ajili ya kumwambia mtu anaumwa nini, na mimi si daktari. Ningeifuta ile namba, na Mzee angeendelea kuvuna ulezi wake bila kujua.

Halafu nikakumbuka alivyokuwa akimshika mkewe pale nje ya kliniki.

Nilimpigia Dokta Neema, anayeongoza utafiti, yuko Mbeya. Nikamtumia picha. Nikasikia watoto wake wakicheza nyuma. Kisha akasema, "Mwite atoe damu nyingine. Usimtishe, na usimdanganye."

Kuna watu wanadhani hayo mawili ni jambo moja. Kuyafanya yote kwa pamoja ni kazi ngumu kuliko kupima matone kwa pipeti.

Mzee alikuja kesho yake na sweta la kijani, kofia mkononi. Nikamwamkia. Akaniitikia marahaba, akauliza kuhusu baba na duka. Nikamwambia damu ya kwanza imenipa jibu ambalo bado siliamini, ninaomba nyingine nihakikishe. Akanyoosha mkono. Nilipokuwa namfunga mpira alisema tu, "Mikono yako leo ni ya baridi."

Damu ya pili ikasema kama ya kwanza.

Tulipanga Dokta Neema amweleze kwa simu ya sauti ya wazi, mimi nikiwa nao chumbani. Walikuja wote wawili. Mama Felista amevaa kitenge kipya, amenawiri, amebeba mahindi ya kuchemsha kwenye kitambaa kwa ajili yetu sisi wa maabara. Nikayaweka mezani karibu na simu. Dokta akasalimia, akaanza kueleza kwamba kuna aina ya seli zimezidi kwenye damu ya Mzee, na hapohapo mtandao ukakata.

Nilipiga tena. Haukushika. Nikapiga tena. Wao wamekaa wananitazama.

"Sema wewe," Mzee akasema.

"Mzee, Dokta ndiye anayejua zaidi."

"Dokta hajaiona damu yangu. Wewe ndiye umekaa nayo. Sema."

Nikasema. Nikamwambia kwamba kila seli ina alama juu ya ngozi yake, kwamba nina dawa za kuzitambua alama hizo, na kwamba kwake kundi moja la seli limeongezeka kupita linavyotakiwa. Nikamwambia nimerudia, nimelinganisha na ya mwenzangu, na imebaki hivyo. Nikamwambia mashine yangu inahesabu seli tu, haitaji ugonjwa, na kule Mbeya wana kingamwili za aina nyingi zaidi na daktari wa damu.

"Ni saratani?"

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Sijui, mzee. Inawezekana. Yako mambo mengine pia yanaweza kuzidisha seli. Ndiyo maana nataka uende."

Mama Felista alikuwa bado ameshika ile ncha ya kitambaa. "Hapana," akasema. "Mgonjwa ni mimi. Mmechanganya. Huyu hajawahi hata kulazwa."

"Mama, nimeangalia mara nyingi."

"Angalia tena."

"Felista," Mzee akamwita, jina tupu. Sikuwahi kumsikia akimwita hivyo mbele ya watu. Mama akanyamaza. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa kiganja, kisha akaniuliza basi la Mbeya linaondoka saa ngapi.

Mtandao ulirudi walipokuwa wameshafika getini.

Mradi ulikubali niwasindikize. Alhamisi tuliondoka kukiwa bado kuna ukungu. Mzee alikaa dirishani akawa ananionyesha mashamba, huyu kavuna, yule kachelewa, yule ulezi wake umeliwa na ndege. Baada ya Laela akasinzia. Mama Felista aligeuka akanishika goti.

"Alikuwa akichoka," akasema kwa sauti ya chini. "Tangu nilipokuwa naumwa. Jasho usiku. Nikawa nasema amechoka kwa ajili yangu. Nikawa najilaumu kwa mzigo wangu juu yake, kumbe kuna kingine."

Nilimwekea mkono juu ya mkono wake, tukakaa hivyo hadi karibu na Tunduma.

Mbeya, daktari wa damu alimpapasa shingo na kwapa, akakuta tezi ndogondogo ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa. Akamwangalia tumbo. Damu ikachukuliwa, na kwa hisani ya Dokta Neema nikaruhusiwa kuingia maabara yao nisimame kando. Mashine yao ni kubwa, ina leza kadhaa, na friji yao imejaa chupa nilizozisoma tu chuoni. Mtaalamu wa pale alikuwa dada mmoja mpole, akaniachia kiti chake nione kioo vizuri.

Wakaweka CD19, wakaweka CD5. Hii CD5 kwa kawaida ni alama ya seli T. Kwa Mzee Kasiani ilikuwa imekaa juu ya ngozi ya seli B, nyingi mno, zote zinafanana, kama ukoo mmoja uliozaana hadi ukajaza kijiji kizima.

Mimi na dada yule tulikuwa tunajua tunachokiona.

Nilipotoka kwenye korido nilikuta wamekaa kwenye benchi wanagawana andazi. Mzee akanitazama usoni na nadhani akasoma kila kitu, maana alilifunga andazi lililobaki akaliweka mfukoni.

Daktari aliwaeleza jana asubuhi, vipimo vingine vilipokuwa tayari. Ni saratani ya damu, ya aina inayokwenda taratibu sana. Akasema wapo wanaoishi nayo miaka mingi, na wengine huzeeka nayo wakafa kwa mambo mengine. Akasema kwa sasa hataanza dawa. Mzee atakuwa anarudi kupimwa, na dalili fulani zikitokea ndipo wataanza.

Mzee akaiweka kofia magotini.

"Yaani mnaijua," Mzee akasema, "mnaiona kabisa, halafu mnaiangalia tu?"

"Ndiyo, mzee. Kuanza mapema hakujaonekana kuongeza maisha, na dawa zenyewe zina matatizo yake. Tukizihitaji tutazitumia."

Hapo Mama Felista akainuka kitini. "Mimi nilimezeshwa dawa hadi mkojo ukawa mwekundu," akasema. "Siku nikikataa kumeza, huyu ananikalia mbele kama polisi. Sasa yeye anaambiwa saratani, na haondoki hapa hata na kidonge kimoja? Nitamsimamia nini mimi?"

Daktari hakukasirika. Alivuta kiti akakaa karibu naye. Akamwambia, "Msimamie asikose kuja. Msimamie homa ikimpata isilale nyumbani, mlete siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo kazi yako, na si ndogo."

Mama akafikiri. Akarudi kukaa. "Homa," akarudia. "Siku hiyohiyo."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Mimi ndiye niliyesinzia safari hii. Nilipozinduka jua lilikuwa linaelekea kuzama upande wa Zambia, na wao wanazungumza Kifipa polepole. Mimi Kifipa changu ni cha sokoni, sikuelewa yote. Nilisikia neno la ulezi, nikasikia majina ya watoto wao. Baadaye Mzee akanigeukia, akaongea Kiswahili.

"Nitawaambiaje nyumbani? Mtu akienda hospitali hurudi na dawa. Nikirudi mikono mitupu nikasema nina saratani, watasema wamenirudisha nife. Nikisema sina kitu, nitakuwa mwongo."

"Sema una ugonjwa wa kufuatiliwa," nikasema.

"Hilo neno la ofisini."

Mama Felista akamaliza. "Tutasema damu yako ina magugu, mafupi bado, na daktari anayachunga. Wote ni wakulima. Wataelewa."

Mzee akacheka. Ni mara ya kwanza tangu siku ya mahindi, akacheka hadi akakohoa, na mkewe akamtazama haraka, kisha akaona ni kikohozi cha kicheko tu.

Kituoni Sumbawanga nilimtafutia kila mmoja bodaboda. Kabla ya kupanda Mzee akanivuta pembeni.

"Sasa kwenye utafiti wako, mimi nahesabiwa wapi?"

Nilikuwa naomba asiniulize. "Namba yako inatoka kwenye kundi la wazima, mzee. Sheria ya utafiti ndivyo ilivyo."

"Kwa hiyo una pengo."

"Lipo, lakini si la kukusumbua wewe."

"Si la kunisumbua," akasema, akakaza kofia. "Wewe ungekaa kimya na kazi yako ingekuwa imeisha. Mdogo wangu Silvesta anaishi nasi uani, anakula nasi sahani moja. Mzima kama jiwe. Nitamwambia."

Nilitaka kumwambia asifanye hivyo. Bodaboda ikaondoka.

Haya yote ninayaandika na mwili wangu ni kama wa mtu aliyepigwa. Nimejaribu kujiuliza kama nimefanya wema. Kuna mtu alikuwa analala usingizi wake, anajua ana magoti tu. Sasa kila homa itakuwa ni hofu. Kila tezi itapapaswa. Mkewe aliyepona juzi amekuwa mlinzi. Na mimi nimewaletea haya kwa chupa ndogo ya kingamwili ambayo hata haikuwa ya lazima kwenye kazi yetu.

Lakini pia najua kwamba zile seli zilikuwepo kabla sijaziwasha rangi.

Hamisi alipiga simu asubuhi kuuliza tumefikaje. Nikamweleza. Akasema, "Kumbe uliosha vizuri." Nadhani ndivyo anavyoomba radhi. Nikamwambia aende akapumzike, Jumatatu tuna kazi.

Halafu, nikiwa natia mkaa mwingine, ikaingia namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, nzito, ya heshima.

"Mimi ni Silvesta, mdogo wake Mzee Kasiani. Kaka kasema nije Jumatatu nitoe damu. Nilitaka kuuliza, nije nimefunga, au ninywe chai?"

Nyuma yake nikasikia sauti ya Mama Felista ikimwelekeza mtu asimame vizuri kupepeta ulezi.

"Kaka yako amekueleza yaliyompata?" nikauliza.

"Ameeleza. Ya magugu."

"Na bado unakuja?"

"Kaka kasema wewe ukiona kitu unasema." Akasita. "Naogopa, dada. Lakini nakuja."

Nikamwambia anywe chai, avae sweta, aje.

Nimekaa na simu mkononi tangu hapo. Silvesta atakapofika, kabla ya sindano, nitamkalisha na kumwambia wazi, kwa maneno marefu kuliko niliyomwambia kaka yake, kwamba damu inaweza kutoa habari ambayo hakuja kuiuliza, na kwamba habari hiyo ikishatoka hairudi. Nitamwacha afikiri. Akiinuka akaondoka, nitamsindikiza hadi getini na nitamshukuru kwa moyo wote.

Na akibaki, nitanawa mikono, nitaipasha moto kwanza, kisha nitaanza.